Ukilishwa Mbili, Unatoa Karata Gani?



Wapendwa vijana, leo tuanzie chini ya trela. Mnaoishi Isaka mmeshanielewa. Kwa wasiopajua, Isaka ni mji mdogo wa wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, wenye bandari isiyo na tone la maji. Ndiyo, bandari kavu. Mzigo unakuja kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam, unashushwa hapa, unapakiwa kwenye malori, halafu safari ya barabara inaanza kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Na palipo na malori pana kusubiri. Unasubiri karatasi, unasubiri zamu ya kupakia, unasubiri tajiri atume hela ya mafuta. Wanaosubiri pamoja siku tatu lazima wacheze karata.

(Kabla sijapigiwa simu: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya bahati kwa yenyewe haipingani na haki. Inakuwa kosa inapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Ukiweka posho yako ya njiani mezani, ndugu yangu, hapo umeshavuka. Mimi naongelea karata za kupitisha jua tu.)

Mchezo wenyewe ni lasti kadi. Mkenya anauita kadi, Mganda ana ndugu yake anauita matatu, na wote hao wanapita Isaka. Ukiona makelele chini ya trela, mara nyingi si kwamba mtu kaiba karata. Wanagombania kanuni, maana kila mmoja kaja na kanuni za kwao.

Kanuni ya msingi haina ugomvi. Unatupa kopa juu ya kopa, au saba juu ya saba. Anayemaliza karata mkononi ndiye mshindi, mradi alitangaza mapema kwamba amebakiza ya mwisho. Ila ipo karata ya adhabu, nayo ni 2. Jirani yako akikutupia 2, unaokota karata mbili na zamu inakupita. Ulikuwa umebakiza moja, sasa una tatu. Inauma.

Isipokuwa una kinga. Na kelele zote zinatoka hapa, kwenye kinga, kwa sababu zipo nne na zinafanana. Hivi ndivyo zinavyochezwa kwenye kijiwe kimoja ninachokifahamu, baada ya kukubaliana kabla ya kugawa:

Ukiwa na 2 nyingine, unaiweka juu. Wewe umepona, na adhabu imekua. Anayefuata anaokota nne.

Ukiwa na J, unaruka. Adhabu inakupita wewe na kumwangukia wa mbele yako vilevile ilivyokuja, mbili.

Ukiwa na K, unageuza. Mbili zinamrudia yuleyule aliyekutupia, na meza nzima inacheka.

Ukiwa na A, ile wazee wa pwani wanayoiita ree, unazima. Adhabu imekufa mezani na haokoti mtu.

Mgeni akitazama kwa mbali ataona kitu kimoja tu: jamaa alirushiwa adhabu, akatoa karata, akapona. Mara nne, kupona kulekule. Ukitaka kuona tofauti usimtazame aliyejikinga, watazame waliokaa kushoto na kulia kwake. Nani anaokota sasa? Ile adhabu imekwenda wapi?

Hilo swali, vijana wenzangu, ndilo nataka tulibebe leo. Adhabu imekwenda wapi?

Nalibeba kwa sababu ya kijana mmoja, utingo wa lori, aliyeniandikia. Nimebadilisha mambo madogo asitambulike, na ameniruhusu. Mwaka huu umemwendea vibaya. Mtoto wa dada yake alifariki kwa homa, lori analofanyia kazi likapinduka, mchumba akamwacha. Shangazi yake akampeleka kwa mganga huko upande wa Geita. Mganga akamshonea hirizi kwenye kitambaa cheusi, akamwambia, "Hii ni kinga. Itazuia, halafu itamrudishia aliyetuma." Akaongeza kwamba aliyetuma ni mwanamke mzee, wa upande wa baba, na nyumba yake inatazama mashariki.

Sasa swali la kijana ni hili: "Mlezi, mimi shingoni nina skapulari tangu Kipaimara, na medali ya Mtakatifu Benedikto. Hirizi ipo mfukoni. Si zote ni kinga? Kuna ubaya gani kuwa nazo tatu?"

Ni swali zuri, na msimcheke. Wengi wenu mna swali hilohilo ila mmelifunika kwa shati. Nimwite Utingo, nimjibu hapa ili wote tusikie.

Tuanze na kinga ya kwanza, ya kuweka 2 juu ya 2, maana ndiyo ya zamani kuliko zote. Fungua Mwanzo sura ya 3. Mungu anamuuliza Adamu kuhusu lile tunda. Adamu anatoa karata yake papo hapo: ni mwanamke, tena mwanamke uliyenipa wewe. Sikiliza vizuri, kampitishia mkewe na njiani kamwongezea Mungu mwenyewe kwenye lawama. Hawa anampitishia nyoka. Hakuna hata mmoja aliyeokota kwa hiari, na ukurasa unaofuata Kaini anamuua Abeli. Adhabu inayopitishwa inanenepa njiani. Tajiri anamfokea dereva, dereva anamfokea utingo, utingo anarudi nyumbani anampiga mdogo wake, na mdogo wake anampiga mbuzi teke. Mbuzi ndiye mwenye akili peke yake, hana wa kumpitishia.

Yesu ana mfano wa jambo hili, Mathayo 18. Mtumishi anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi. Halipi mtu deni hilo, hata akichimba dhahabu Geita mpaka mlima uishe. Bwana wake anamfutia lote. Anatoka nje, anakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, anamkaba koo. Kwa lugha ya kijiweni, yule bwana alimchezea A, adhabu yote ikazimwa, naye akanyanyuka hapo akaenda kumtupia mwenzake 2 aliyokuwa ameificha. Mfano unaishia pabaya kwake.

J tuipitie haraka. Ni Pilato na lile bakuli la maji, Mathayo 27. Alijua mtu hana hatia, akanawa mikono, akaruka. Hakumwongezea Yesu wala hakumpunguzia. Adhabu ilitua palepale ilipotumwa, ila yeye hakutaka iandikwe jina lake. Vijana wa jumuiya, tunapomwona mwenzetu anasingiziwa nasi tunasema "mimi simo", karata tuliyoshika ni hiyo.

Sasa K. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana hirizi ya Utingo.

Mganga hakumficha kitu. Alisema wazi kinga yake inafanya kazi mbili: inazuia, na inarudisha. Utingo alisikia neno la kwanza tu. Lakini tulikubaliana kumtazama aliyekaa pembeni. Aliyekaa pembeni ni bibi mmoja mzee ambaye nyumba yake inatazama mashariki, na kwa sasa anaanika udaga wake bila kujua kwamba kuna karata inarudi kwake.

Mimi na wewe tunazijua habari za ukanda huu. Shinyanga, Geita, Mwanza, Tabora, Simiyu. Bibi amepika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka hamsini, moshi umemuharibu macho yamekuwa mekundu, basi macho yale yanageuzwa ushahidi. Mtoto anaugua, ramli inapigwa, jina linatajwa, na usiku mmoja panga linapita. Ndugu zetu wenye ualbino walianza kuwindwa kwa wingi mwaka 2007 na 2008, na nyuma ya mapanga yale kulikuwa na mtu aliyeahidi bahati na kinga. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku tena. Kuna jina kabisa la kitu hiki, wote tunalijua kutoka redioni: ramli chonganishi. Mganga huyo hashiki panga hata siku moja. Anataja upande tu, wa baba au wa mama, wa mashariki au wa magharibi, na familia inamalizia yenyewe.

Kwa hiyo Utingo, ulipouliza kama hirizi ni kinga, jibu langu ni kwamba wewe umeambiwa ni kinga, lakini kwa bibi yule ni silaha. Umeibeba mfukoni ukidhani ni ngao.

Kanisa halisemi hirizi ni mbaya kwa sababu ni ya kienyeji. Dawa ya mitishamba inayotibu tumbo ni zawadi ya Mungu, kanywe. Katekisimu namba 2117 inasema jambo jingine: kutaka kuzitiisha nguvu zilizofichika ili uzitumie na uwe na uwezo juu ya jirani yako ni kinyume kabisa cha fadhila ya dini, hata kama lengo ni kurudisha afya, tena ni vibaya zaidi pakiwepo nia ya kumdhuru mtu. Na hapohapo inataja uvaaji wa hirizi. Rudia hayo maneno: uwezo juu ya jirani. Hayo ndiyo maelezo ya K.

Najua kuna mjanja ananyanyua mkono. "Mlezi, mbona hata Zaburi zinarudisha? Mbona jirani zangu wanasali usiku kucha 'rudi kwa aliyekutuma' na Biblia mkononi, Zaburi ya 109?" Ni kweli, zipo Zaburi kali. Aliyeonewa anamlilia Mungu kwa uchungu wote, na Mungu hakuona haya kuuacha uchungu ule ndani ya Biblia. Lakini angalia alichofanya mtunga Zaburi. Kisasi chake alikipeleka mbele za Mungu akakiacha hapo, hakukipeleka kwa jirani. Na Kanisa lilipotengeneza upya Liturujia ya Vipindi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliziacha Zaburi tatu nje ya mzunguko wa sala hiyo, yaani ya 58, ya 83 na hiyohiyo ya 109, kwa sababu ya laana zilizomo. Ni Neno la Mungu bado. Ila Kanisa halikuona vema kuziweka midomoni mwetu kama sala ya kila mwezi.

Na mjanja wa pili, huyu ndiye ninayemuogopa, atasema: "Je, medali ya Benedikto?" Umenishika. Zile herufi zinazozunguka ukingo wa medali, V R S N S M V na S M Q L I V B, ni vifupisho vya maneno ya Kilatini, na maana yake ni kumfukuza Shetani na kumwambia sumu anayotupa ainywe mwenyewe. Inafanana na K kabisa! Adhabu inamrudia aliyetuma.

Inafanana, lakini soma inarudi kwa nani. Inamkataa Shetani, kwa jina. Haimtaji shangazi, wala bibi, wala mwanamke yeyote mzee wa upande wa baba. Mtume Paulo anawaandikia Waefeso, sura ya 6, kwamba vita vyetu si juu ya damu na nyama. Siku utakapoivaa medali ile ukiwa umemlenga mtu mwenye damu na nyama, hata kama imebarikiwa na Askofu, umeigeuza hirizi kwa mikono yako. Katekisimu namba 2111 inalisema hilo pia: ukitegemea kitu cha nje tu, bila moyo kinaoudai, umeanguka katika ushirikina, hata kama kitu chenyewe ni kitakatifu.

Basi skapulari, medali na maji ya baraka ni nini? Ni visakramenti. Namba 1670: havitoi neema kama sakramenti zinavyotoa. Kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea neema na kushirikiana nayo. Skapulari inakukumbusha umevaa vazi la Mama Maria, basi uishi kama mtoto wa nyumba ile. Haikuahidi kwamba lori halitapinduka. Kama breki zimekwisha, badilisha breki, na ukimaliza sali.

Tena hapo nichomekee jambo ambalo wengi tunalikwepa. Nani kakwambia kila 2 imetupwa na mtu? Kwenye karata ndiyo, yupo aliyetupa. Kwenye maisha sivyo mara zote. Luka 13: mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, na Yesu akawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale walikuwa wakosefu kuliko wengine. Akajibu mwenyewe: hapana. Yohane 9: wanafunzi wanataka kujua nani alitenda dhambi mpaka yule mtu akazaliwa kipofu, na Yesu anakataa kumtaja mtu yeyote. Mganga angemtaja. Kwa Utingo, mtoto wa dada alikufa kwa homa, na homa ile ina kipimo cha malaria na ina chandarua. Lori lilipinduka, na lori lina tairi, lina usingizi wa dereva. Uchungu ni wa kweli na machozi ni halali. Aliyetuma, huenda hayupo kabisa, na K yako inatafuta mtu wa kumpiga ambaye hajawahi kuketi mezani.

Imebaki A. Hapa kuna raha na kuna fumbo.

Raha ni kwamba ipo. Adhabu inaweza kuzimwa, haokoti mtu. Tunaiona kwenye Sakramenti ya Kitubio: padre anapotamka maneno ya kuondolea, dhambi yako haikuhamishiwa kwa mkeo wala haikuongezwa kwa jirani. Imekwisha. Ila vijana wengine wanaingia kitubioni wakidhani ile ni J, kwamba naruka na maisha yanaendelea. Hapana. Umekula fedha za kikoba cha kina mama, umeungama, umesamehewa, safi. Sasa fedha za kikoba rudisha. Namba 1459 iko wazi: ondoleo linaiondoa dhambi, lakini halitengenezi madhara yote iliyoleta. Ulichoiba kirudishe. Jina ulilochafua lisafishe, na ulisafishe mbele ya watu walewale uliolichafulia. Zakayo hakuhitaji kukumbushwa, Luka 19: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne.

Fumbo ni hili. Mezani A inazima adhabu bila gharama yoyote. Unaitupa, kwisha. Lakini A tuliyochezewa sisi haikuwa ya bure. Petro anaandika katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, kwamba Yesu alipotukanwa hakurudisha tukano, alipoteswa hakutisha. K alikuwa nayo mkononi, kubwa kuliko zote: Mathayo 26 anasema angeweza kuomba majeshi 12 na zaidi ya malaika. Hakuitoa. J alipewa na Pilato mwenyewe, ajibu kidogo tu aachiliwe. Hakuitoa. Alichofanya ni kitu ambacho hakuna mchezaji anayekifanya kwa hiari: aliokota. Aliokota zake zisizokuwa zake, na zangu, na zako, na za Kayafa aliyesema ni afadhali mtu mmoja afe, maneno ambayo kila ramli chonganishi inayarudia mpaka leo. Akaokota mpaka mikono ikajaa, halafu hakumpitishia mtu. Adhabu ilifika kwake, ikakosa njia ya kutokea, ikaishia humo.

Ndiyo maana tunapomfuata, mara nyingine kinga yetu haitafanana na kinga. Itafanana na kushindwa. Watakuona umeokota. Utakuwa na karata nyingi mkononi kuliko wenzako na meza itacheka.

Lakini tafadhali, tafadhali, asitoke mtu hapa na kwenda kumwambia dada anayepigwa na mumewe kwamba "okota tu, Yesu aliokota." Hiyo si Injili. Katika Yohane 18 mtumishi alimpiga Yesu kofi, na Yesu hakumrudishia kofi, ila alimuuliza kwa sauti: kama nimesema vema, mbona wanipiga? Kukataa kurudisha si kunyamaza. Dada, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji. Haki ya mahakama si K, kwa sababu pale hurudishi wewe. Unaikabidhi adhabu kwa aliye na mamlaka ya kuipima, na kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha huokoti tena kesho.

Ukitaka kuona hayo mawili yakikaa ndani ya mtu mmoja, mtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur, Sudani. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa na kuuzwa tena, akachanjwa mwili kwa wembe na chumvi ikasuguliwa kwenye vidonda. Mabwana wake wa mwisho walimleta Italia. Bibi wa nyumba alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita, ambaye maisha yake yote alikuwa amefundishwa kutii, alisema hapana. Shauri likafika mahakamani huko Venezia, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa Januari 1890, akawa mtawa, akafungua mlango wa konventi kwa miaka mingi. Na alisema kama angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila yale yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa. Mimi nikisoma hayo nakwama kila mara. Sijui ningeweza. Lakini ona: utumwa aliukataa mahakamani, na chuki hakumtupia mtu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na sikukuu yake ni 8 Februari. Chagua jina lake kwenye Kipaimara, si lazima wote muwe Maria.

Sasa Utingo, nakujibu.

Hirizi usiitupe kichakani kwa hofu, na usiichome ukiwa peke yako usiku halafu ukeshe unasikiliza mlango. Mpelekee paroko wako mchana, mkononi, mwambie yote. Atasali nawe, itachomwa. Ukiwa hapohapo, ungama. Sehemu ngumu ya kuungama itakuwa lile jina ulilolikubali moyoni, kuliko hata kile kitambaa.

Skapulari baki nayo. Medali baki nayo, ila ukiigusa asubuhi mtaje aliyeandikwa juu yake kwamba umemkataa, halafu mwombee bibi yule kwa jina lake la ubatizo. Ni vigumu kumlenga mtu unayemwombea kwa jina.

Shangazi yako mheshimu, alikupeleka kule kwa kukupenda. Lakini mwambie wazi, na wajomba wakiwepo, kwamba lile neno la upande wa baba hulitambui na huna kesi na mtu. Likisemwa tena, nawe ukaona vijana wa ukoo wanaanza kukutana jioni na kunyamaza unapofika, hapo usisali tu. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda polisi usiku huohuo. Ukikaa kimya umeruka kwa J, na unajua itamwangukia nani.

Na Jumamosi hii, kama lori halijapakia, mpitie bibi. Beba kilo ya sukari. Ukifika usianze na maelezo marefu. Msalimie kama ulivyolelewa, "Mwangaluka, mayu", ukae kwenye kile kigoda, umsaidie kugeuza udaga kabla mvua haijaja.